Kaisari Aliyekataa Kuutoa Mji

Masimulizi mengi ya Constantine wa 11 Palaiologos, kaisari wa mwisho wa Bizanti, huanzia mwishoni: tarehe 29 Mei 1453 jeshi la Waosmani linaingia Konstantinopoli, naye anakufa katika mapigano. Wanaompenda humwita shahidi. Wanaomlaumu humwita mkaidi aliyewaponza raia, kwa kuwa Sultani Mehmed wa Pili alikuwa radhi kumwacha aende zake salama endapo angeutoa mji kwa amani. Makundi yote mawili humchukulia kuwa mtu aliyekwisha kukata tamaa. Ushahidi unanielekeza kwingine: alikataa kwa sababu alitumaini mji ungeokoka, na tumaini hilo lilikuwa na mashiko.

Mashiko yenyewe yalitoka katika historia ya ukoo wake. Kuanzia 1394 Sultani Bayezid aliuzingira mji huohuo kwa takribani miaka minane. Manuel wa Pili, baba yake Constantine, hakusalimu amri. Alisafiri hadi Paris na London kuomba majeshi, akaambulia ahadi tu. Hata hivyo mji ulipona, kwa kuwa mwaka 1402 Timur alitokea mashariki akamshinda na kumteka Bayezid karibu na Ankara. Mwaka 1422, Constantine akiwa kijana, Murad wa Pili alikuja na jeshi lake, akaondoka baada ya miezi michache kwenda kuzima uasi wa ndugu yake. Kwa watu wa nyumba ile, kukaa nyuma ya kuta na kungoja adui apatwe na balaa lake ilikuwa siasa iliyokwisha kufaulu mara mbili machoni pa watu waliokuwa bado hai.

Itasemwa kwamba mizinga ilikuwa imebadili mambo, na kwamba Constantine alilijua hilo kuliko wengi. Ni kweli. Desemba 1446, alipokuwa mtawala wa Morea, kusini mwa Ugiriki, mizinga ya Murad ilibomoa ukuta wa Hexamilion ambao yeye mwenyewe alikuwa ameujenga upya. Tena Orban, fundi aliyemfulia Mehmed mzinga mkubwa, alianza kwa kutafuta kazi kwa Constantine, na hazina haikuweza kumlipa. Lakini tuangalie mzingiro ulivyokwenda. Walinzi Wagiriki hawakufika 5,000, pamoja na wageni wachache, wakiwemo watu 700 wa Giovanni Giustiniani wa Genoa. Walichobomolewa mchana walikiziba usiku kwa udongo, mbao na mapipa, wakastahimili wiki saba. Tarehe 20 Aprili merikebu nne zilipenya katikati ya kundi zima la meli za sultani zikaleta msaada. Katika kambi ya Waosmani yenyewe, waziri mkuu Çandarlı Halil Pasha alishauri jeshi liondoke. Ikiwa waziri wa sultani aliona ushindi una mashaka, kwa nini kaisari auone hauepukiki?

Kosa lake kubwa nalikuta mapema zaidi. Mwaka 1451 wajumbe wake walidai nyongeza ya fedha za kumtunza Orhan, mwanamfalme wa Kiosmani aliyekuwa akiishi Konstantinopoli, wakatishia kumwachilia adai kiti cha Mehmed. Tishio lisilo na jeshi nyuma yake lilimpa sultani kijana kisingizio alichokihitaji.

Linabaki shtaka zito kuliko yote: kwamba aliwaponza raia. Kwa desturi ya vita ya zama zile, mji uliotwaliwa kwa nguvu uliporwa, na maelfu ya wakazi wa Konstantinopoli walichukuliwa utumwani. Watu wa Mystras, mji ambao Demetrios, nduguye Constantine, aliutoa mwaka 1460, waliepuka maafa hayo. Watawala ndio ambao kusalimu amri hakukuwapa hakika yoyote: David wa Trebizond aliusalimisha mji wake mwaka 1461, na miaka miwili baadaye akauawa pamoja na wanawe. Kwa hiyo siwezi kumtetea Constantine kwa mizani ileile mpaka mwisho. Tarehe 23 Mei mashua iliyotumwa kuzitafuta meli za msaada kutoka Venice ilirudi na habari kwamba haikuona tanga hata moja. Hadi siku hiyo kungoja kulikuwa na hoja. Katika siku sita zilizofuata alikuwa akingoja msaada ambao wajumbe wake mwenyewe walikuwa wameutafuta wakaukosa, na raia ndio waliolipa.