Seva moja ya Ghana: nani anashika ufunguo wa kompyuta za kampani?



Mimi ni mtu wa agronomia. Nilisoma udongo, mbegu na magonjwa ya mihogo, sikusoma informatiki. Lakini munajua namna iko kwetu: kijana mwenye diplome akiingia katika biro, wiki ya pili tu wakubwa wanamwambia, "Wewe unajua mashini, utashika seva." Seva ndiyo ile kompyuta yenye kutunza faili za wote na kuamua nani anaingia. Basi nikaanza kusoma historia yake, na nikaona kwamba kazi yote ya kuishika inasimama juu ya maulizo matatu: nani anaingia? Anagusa nini? Nakala iko wapi? Watu walilipa bei kubwa mbele ya kuyaelewa.

Ulizo la kwanza linatupeleka Marekani, katika universite ya MIT. Mwaka 1961, kikundi cha Fernando Corbató kilionyesha mfumo ulioitwa CTSS. Mbele ya hapo mashini kubwa ilifanya kazi ya mtu mmoja, wengine wanangoja zamu. CTSS iliruhusu watu wengi kuitumia pamoja. Sasa ikabidi kila mtu awe na jina lake na neno la siri, ili faili zake zisichanganyike na za wengine. Haikukawia. Mwaka 1962 mtafiti Allan Scherr, ambaye saa alizopewa hazikumtosha, aliomba mashini imchapie faili yenye maneno ya siri ya wote. Ikachapa! Mwaka 1966, kwa kosa la programu, faili ya salamu na ile ya maneno ya siri zikabadilishana nafasi: kila aliyeingia akapokelewa na maneno ya siri ya wenzake. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, neno la siri lilikuwa na nguvu sawa tu na ya pale linapotunzwa.

Ulizo la pili: ukiisha kuingia, unagusa nini? Mwaka 1969, katika Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza Unix. Humo kila faili iko na mwenyewe, na iko na ruhusa: kusoma, kuandika, kuendesha. Juu ya wote iko mtumiaji mmoja anayeitwa root, anayeweza kila kitu, hata kufuta mfumo mzima. Mwaka 1983 kampani Novell ilitoa NetWare, na biro za kawaida zikaanza kugawana faili na printa kupitia seva moja. Mwaka 1993 Microsoft ilileta Windows NT, na mwaka 2000 ikaongeza Active Directory: daftari moja la watu wote, mashini zote na ruhusa zote za kampani. Seva yenye kushika daftari hilo inaitwa domeni kontrola.

Majina yalibadilika, sheria ilibaki: kila mtu apewe ruhusa ya kazi yake, basi. Sekretere anahitaji barua, hahitaji faili ya mishahara. Na msimamizi mwenyewe asisome barua-pepe akiwa ameingia kwa jina lile kubwa. Juu ya nini? Juu programu unayofungua inatembea na ruhusa zako. Ukifungua uchafu ukiwa root, uchafu nao ni root.

Ulizo la tatu ndilo lilinishangaza zaidi. Tarehe 27/6/2017 programu haribifu iliyoitwa NotPetya ilitoka Ukraine, ikiwa imefichwa ndani ya sasisho la programu ya hesabu. Ilizoa maneno ya siri kutoka kumbukumbu ya mashini moja, ikayatumia kuingia katika zingine. Maersk, kampani kubwa ya meli ya Denmark, ikasimama. Bandarini malori yakapanga mstari, kontena hazijulikani za nani. Kampani ilikadiria hasara ya dola milioni 250 mpaka 300.

Walikuwa na nakala za seva nyingi, lakini daftari lenyewe halikuwa na nakala pembeni. Domeni kontrola zao zilikuwa karibu 150, kila moja inapokea habari za zingine. Walifikiri moja ikifa, zingine zitaiokoa. Zote zikafutwa pamoja, isipokuwa moja tu, kule Ghana. Ilipona namna gani? Umeme ulikuwa umekatika mbele ya shambulio, ikawa nje ya mtandao! Intaneti ya pale ilikuwa pole sana kwa kutuma data hiyo, basi diski ikasafirishwa kwa mkono: Ghana mpaka Nigeria, Nigeria mpaka London. Alafu, kwa siku kumi hivi, wakasimamisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000.

Mtu wa agronomia anaelewa hii haraka. Ghala 150 zenye milango wazi kati yao ni ghala moja. Kidudu kikiingia, hakuna mbegu ya msimu ujao. Mkulima mwenye akili anaacha mbegu kidogo kwa dada yake, kilima kingine.

Sasa turudi kwetu. Tuseme koperative ya kahawa iko na seva moja, na ndani yake kilo za kila mkulima. Faili ikipotea, mama aliyebeba kahawa mgongoni hana kitu cha kuonyesha siku ya malipo. Hiyo haihitaji milioni. Kila mtu aingie kwa jina lake. Aliyeacha kazi, jina lake lifungwe siku ileile. Neno la siri kubwa likae katika bahasha iliyofungwa kwa direkta. Kila Ijumaa fanya nakala kwenye diski, ichomoe, ilale nyumba nyingine. Na mara moja kwa mwezi, jaribu kurudisha faili moja kutoka diski hiyo, juu nakala isiyojaribiwa haujui kama iko.

Wakikupa seva kwa sababu wewe ni kijana, pokea. Lakini uliza yale maulizo matatu mbele ya kuketi.