Dunia Iliyorudishwa: Msiba na Faraja katika Filamu ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy

Filamu ya The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, iliyoongozwa na Garth Jennings na kutoka mwishoni mwa Aprili 2005, ilipokewa kwa swali moja tu: je, imemtii mwandishi Douglas Adams au imemsaliti? Wapenzi wa riwaya yake waliingia sinemani wakiwa wamehifadhi kurasa nzima kichwani, wakatoka wakihesabu zilizokatwa. Mimi ni miongoni mwa wanaoipenda riwaya hiyo kwa dhati, na uchungu wao naufahamu. Hata hivyo, kuitazama filamu upya baada ya miaka mingi kumenithibitishia kuwa swali hilo lilitupeleka pasipo na tatizo. Udhaifu wa filamu hii haumo katika yale iliyoyaacha. Umo katika kitu ilichokirudisha.

Kwanza, utii kwa matini ipi? Kisa cha Arthur Dent, Mwingereza anayenusurika Dunia inapobomolewa kupisha barabara ya angani, kilianza kama mchezo wa redio katika BBC Radio 4 tarehe 8 Machi 1978. Riwaya ilifuata 1979, tamthilia ya televisheni 1981, na mchezo wa kompyuta 1984. Kila alipokihamisha kisa, Adams alikivunja na kukijenga upya, bila kujali kama toleo jipya linapingana na la zamani. Hata mambo yaliyowaudhi wasomaji katika filamu, kama vile kiongozi wa dini Humma Kavula aliyeigizwa na John Malkovich, aliyabuni mwenyewe kwa ajili ya sinema. Alifariki California tarehe 11 Mei 2001 akiwa na umri wa miaka 49, mradi ukiwa bado haujapata mwongozaji wake wa mwisho, na Karey Kirkpatrick akaukamilisha muswada wake. Mtu anayedai kulinda matini asilia dhidi ya filamu hii hana budi kwanza kueleza kwa nini mwandishi mwenyewe hakuilinda.

Hoja nzito zaidi ya wakosoaji inahusu lugha. Ucheshi wa Adams hukaa ndani ya sentensi: msimulizi huanza kwa utulivu wa mwandishi wa ensaiklopidia, huchepuka, hurefusha, kisha kishazi cha mwisho huangusha jengo zima. Katika riwaya, Arthur anamweleza ofisa wa halmashauri safari ya kuzitafuta ramani za ubomoaji wa nyumba yake, na kila jibu linamzamisha zaidi chini ya ardhi, hadi kwenye choo kisichotumika chenye tangazo la kuonya kuhusu chui. Filamu imeyafupisha mazungumzo hayo na chui hayumo. Ni hasara, sibishi. Mzaha huo unategemea kurundikana kwa vizuizi, na ukiukata katikati unabaki na malalamiko ya kawaida ya mwananchi.

Lakini urasimu ulioondolewa katika maneno umerudi kwa njia ya macho. Trillian, mwanamke anayependwa na Arthur, anapokamatwa na Wavogoni, viumbe walioibomoa Dunia, Arthur analazimika kupanga foleni katika sayari yao na kujaza fomu ili aachiliwe. Ukumbi ni mkubwa na wa kijivu. Wavogoni wenyewe, waliotengenezwa na karakana ya Jim Henson, wana uzito halisi wa mwili unaolemea kila dirisha la huduma. Nje ya majengo hayo, vitu kama koleo huchomoka ardhini na kumzaba usoni yeyote anayethubutu kupata wazo. Hakuna msimulizi anayeeleza maana, wala hahitajiki. Serikali inayoadhibu fikra imeonyeshwa kwa kofi. Hapo filamu haimnukuu Adams, inafikiri kama yeye.

Kadhalika ile bunduki ambayo haiui, bali humfanya aliyepigwa aone mambo kwa macho ya mpigaji. Katika riwaya msimulizi huingia akilini mwa kiumbe yeyote apendavyo, hata nyangumi anayeanguka kutoka angani. Kamera haina uhuru huo kwa urahisi, na bunduki hii inaupatia. Trillian anaitumia kwa Zaphod, rais wa galaksi aliyesaini amri ya kuibomoa Dunia bila kuisoma, na kwa sekunde chache mtu asiyejali chochote analazimika kuhisi uzito wa jambo alilolifanya. Baadaye Marvin, roboti mwenye huzuni isiyo na tiba, anawapiga nayo Wavogoni, na jeshi zima linaanguka kwa kukata tamaa. Sijui ushindi mwingine katika sinema za anga unaopatikana kwa kumwambukiza adui majonzi.

Majonzi ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Kicheko cha Adams kina nguvu kwa sababu chini yake kuna msiba usiofutika: Arthur amepoteza kila kitu kabla ya chakula cha mchana, na ulimwengu haukusimama hata kidogo. Filamu inalijua hilo inapoibomoa Dunia. Watu wa baa wanalala sakafuni na mifuko ya karatasi kichwani. Kamera inarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi sayari inakuwa kitu kidogo kilichozingirwa, kisha haipo. Nao mfululizo wa kwanza wa redio ulimalizika Arthur na rafiki yake Ford wakiwa kwenye Dunia ya kale kabla ya historia, wakijua fika yatakayoipata. Ni kama kurudi nyumbani, lakini msiba umebaki palepale.

Filamu ya 2005 haikuweza kuvumilia mwisho wa namna hiyo. Inamfanya Arthur apendane na Trillian hadi mapenzi yanakaribia kuwa jawabu la swali ambalo kompyuta Deep Thought ililijibu kwa 42 tu, kisha mbunifu wa sayari Slartibartfast, aliyeigizwa kwa upole mkubwa na Bill Nighy, anamwonyesha Dunia ya pili, ikiwa na nyumba yake ileile. Karakana ya sayari ni mandhari ya kustaajabisha, pengine mazuri kuliko yote katika filamu, na ndiyo maana madhara yake hupita bila kuonekana: kinachoweza kuundwa upya hivi hakikupotea kweli. Arthur anachagua kuondoka na wenzake, ila anaondoka kama msafiri mwenye kwao, wakati Arthur wa riwaya ni mkimbizi.

Kosa hilo nalipinga, lakini chanzo chake nakiheshimu. Filamu imetolewa kwa heshima ya Adams, na karibu na mwisho uso wake unajitokeza kwa kitambo kifupi miongoni mwa maumbo ambayo chombo cha Heart of Gold kinayapitia. Simon Jones, Arthur wa redio na televisheni, amepewa nafasi. Roboti Marvin wa 1981 yumo katika ile foleni. Waliotengeneza filamu hii walikuwa wafiwa, na wafiwa waliipatia hadithi faraja ambayo marehemu, alipokuwa akiandika 1978 na 1979, hakuiona kuwa ya lazima.