Shajara za majibizano: Mwalimu anapojibu badala ya kusahihisha

Mnamo Januari 1974, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iitwayo Lau dhidi ya Nichols. Katika shule za umma za San Francisco walikuwamo watoto wapatao 1,800 wa asili ya Kichina ambao hawakujua Kiingereza na hawakupewa msaada wowote wa kukijifunza. Wasimamizi wa shule walijitetea kwamba hawakumbagua mtu, kwani kila mtoto alipata vitabu vile vile na walimu wale wale. Jaji William Douglas, aliyeandika uamuzi huo, hakushawishika. Kwa maoni yake, kumpa mtoto vitabu sawa na vya wenzake ilhali haelewi lugha iliyoviandika si kumtendea sawa.

Mahakama haikusema mtoto huyo afundishwe vipi. Kazi hiyo iliachiwa walimu, na muda si muda ikawazidia. Mji wa Saigon ulipoanguka mwaka wa 1975, wakimbizi kutoka Vietnam, Kambodia na Laos walianza kuingia California, wakawakuta wahamiaji wa Mexico na wa mataifa mengine. Mwalimu mmoja angeweza kuwa na lugha nyingi darasani na yeye mwenyewe asijue hata moja kati ya hizo.

Huko Los Angeles palikuwa na mwalimu wa darasa la sita, Bi Leslee Reed. Hakuwa mtafiti wala hakuwa na nadharia ya kuitetea. Alikuwa na mazoea yake tu, ambayo alikuwa ameyafuata kwa miaka mingi. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari, na kila siku aliandika humo jambo lolote alilotaka kumwambia mwalimu, angalau sentensi tatu. Shule ikifungwa, Bi Reed aliyabeba madaftari, akayasoma na kumwandikia kila mtoto jibu. Siku iliyofuata mtoto alisoma jibu lake na kuandika tena. Hapakuwa na alama, na kalamu nyekundu haikutumika.

Huenda mazoea hayo yangekufa Bi Reed alipostaafu, kama yanavyokufa mengi mazuri ya walimu wetu, lau si mtafiti Jana Staton. Mwaka wa 1980 Staton alichapisha makala iliyounganisha uandishi na ushauri nasaha, na nadhani hapo ndipo palipo na siri ya jambo zima: aliyaona madaftari yale kama mahali ambapo mtoto husikilizwa, si mazoezi ya lugha pekee. Akishirikiana na Reed na mwanaisimujamii Roger Shuy wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alichunguza madaftari ya wanafunzi 26 wa mwaka wa masomo wa 1979–80. Ripoti yao ilitolewa mwaka wa 1982, kwa ufadhili wa Taasisi ya Kitaifa ya Elimu ya huko. Joy Kreeft Peyton naye alikuwa pamoja nao, na baadaye macho yakaelekezwa kwa watoto waliokuwa wakihangaika na Kiingereza kama lugha ya pili.

Msomaji ataniuliza: daftari hilo tuliiteje kwa Kiswahili? Wanafunzi wetu wanaijua insha ya shajara. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni mti, lakini sisi tumelizoea kwa maana ya daftari la kumbukumbu za kila siku. Shajara ya kawaida huandikwa na mtu mmoja, na hii ina waandishi wawili. Wapo wanaopendekeza 'shajara ya mazungumzo'. Mimi naona 'shajara ya majibizano' inafaa zaidi, ingawa najua katika mazungumzo ya mtaani kujibizana kunanuka ugomvi. Kwa washairi, neno hilo lina heshima yake. Malenga wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa mashairi katika karne ya 19, enzi za Muyaka, na hata leo ukurasa wa mashairi wa magazeti huwa na malumbano. Sharti la mchezo huo ni kwamba huwezi kujibu bila kulishika neno la mwenzako. Ukileta lako tu, hujajibu.

Bi Reed naye alilishika neno la mtoto. Hebu nitumie mfano wa Kiswahili niliobuni mwenyewe. Mwanafunzi ameandika: 'Mwalimu, kitabu yangu imepotea jana na mama amekasirika sana.' Mwalimu mwenye kalamu nyekundu atazungushia duara 'yangu' na 'imepotea', atoe alama mbili, afunge daftari. Mwalimu wa shajara ataandika: 'Pole sana. Kitabu chako kilipotea wapi? Hata mimi kitabu changu kiliwahi kupotea, na mama yangu alikasirika hivyo hivyo. Wako alisema nini?' Upatanisho wa kisarufi umo wote mle: chako, kilipotea, changu, kiliwahi. Mtoto ameusoma bila kuaibishwa, na ameusoma kwa makini kwa sababu ni barua yake. Isitoshe, ana swali la kujibu, na jibu lake litahitaji sarufi iyo hiyo.

Shuy aliona jambo ambalo sisi walimu hatupendi kuambiwa. Darasani, mwalimu huuliza karibu maswali yote, na mengi ni ya mambo ambayo tayari anayajua. Mtoto hubaki na kazi moja, kujibu. Katika shajara, watoto waliuliza, walilalamika, waliomba, waliahidi na hata kuomba radhi. Hizo ndizo kazi za lugha katika maisha, na mtoto huzifanya kwa mdomo tangu udogoni. Shuy alishikilia kwamba shule humtenga mtoto na uwezo huo wa kuzungumza pale inapomtaka aanze moja kwa moja na insha, na kwamba shajara ni daraja kati ya hayo mawili. Si ajabu hoja hiyo ilitoka kwake. Huyu ndiye mtaalamu aliyekuja kusifika kwa kuchambua mazungumzo yaliyorekodiwa katika kesi za mahakamani. Sikio lake lilikuwa kwenye maneno ya watu wa kawaida.

Wakati wenyewe uliwafaa. Mwaka wa 1982 Stephen Krashen alikuwa akihubiri kwamba lugha huingia kupitia ujumbe unaoeleweka, na kwamba hofu humfunga mwanafunzi masikio. Njia hiyo ilifika hadi Chuo Kikuu cha Gallaudet jijini Washington, ambako Kiingereza cha maandishi ni lugha ya pili kwa viziwi wengi wanaotumia lugha ya ishara. Mwaka wa 1988 wanne hao, Staton, Shuy, Peyton na Reed, walitoa kitabu kikubwa cha utafiti wao, na mwaka wa 1990 Peyton na Reed wakatoa mwongozo kwa walimu wa wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Nafurahi kila nionapo jina la mwalimu wa darasa la sita kwenye jalada pamoja na majina ya wasomi. Kwetu huku mwalimu angetajwa kwenye shukrani tu, tena kwa ufupi.

Si kwamba mjadala uliisha. Mwaka wa 1996 John Truscott alidai kwamba kusahihisha sarufi katika maandishi ya wanaojifunza lugha ya pili hakuna faida na kuachwe. Dana Ferris akamjibu mwaka wa 1999 kwamba amekimbilia hukumu. Mimi niko upande wa Ferris kwa nusu tu. Mtoto anayekwenda kufanya mtihani anahitaji kuonyeshwa makosa yake, na atakayemwambia vinginevyo anamdanganya. Ila si kila daftari liwe la makosa. Katika shajara asahihishwe kwa kujibiwa. Katika insha kalamu nyekundu ifanye kazi yake.

Siasa nazo zilibadilika. Mwaka wa 1998 wapiga kura wa California walipitisha Pendekezo la 227, lililopunguza sana ufundishaji kwa lugha mbili na kuwataka watoto wajifunze Kiingereza haraka. Mwaka wa 2002 ikaja sheria ya shirikisho iliyopima shule kwa mitihani. Pendekezo la 227 lilifutwa mwaka wa 2016. Kwa maoni yangu, shajara haikushindwa na hoja yoyote ya kitaaluma. Ilibanwa na ratiba.

Ratiba ndiyo pia kilio ninachosikia hapa nyumbani kila ninapowaeleza walimu njia hii. 'Prof, Bi Reed alikuwa na 26. Mimi nina 60.' Wana haki. Tangu elimu ya msingi iwe bila malipo mwaka wa 2003, madarasa ya namna hiyo si habari tena. Madaftari 60 kwa dakika mbili kila moja ni saa mbili kila jioni, na mwalimu huyo ana watoto wake nyumbani. Lakini ukiwagawa katika makundi matano ya watoto 12, kila kundi likapata siku yake, utaandika kwa dakika 24 kwa siku. Majibu yatakuwa ya mara moja kwa wiki. Si sawa na ya kila siku, ila ni mengi kuliko anayoyapata mtoto anayeketi nyuma na kufunga muhula bila mwalimu kumwambia neno lake binafsi.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyejaribu mpango huo aliniambia kwamba wiki za kwanza aliandikiwa salamu tupu: mimi ni mzima, sijui wewe mwalimu. Wiki ya nne msichana mmoja akaandika: 'Mwalimu, kwani wewe ukiwa mdogo uliogopa somo gani?' Mwalimu alilala na swali hilo. Kulipokucha aliandika jibu la kweli, kwamba ni hisabati, na kwamba hata sasa haijamwisha hofu.