Bomba la mafuta la TAZAMA

TAZAMA (kifupi cha Tanzania Zambia Mafuta) ni bomba la mafuta lenye urefu wa km 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia. Katika mkoa wa Morogoro linapita Mikumi, wilaya ya Kilosa.

Awali Zambia ilipata mafuta kupitia Rhodesia (leo Zimbabwe). Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru. Uingereza ilipoiwekea vikwazo vya mafuta, nayo iliifungia Zambia njia hiyo. Malori yakabeba mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia Mikumi na Iringa, kwa barabara ambayo sehemu kubwa haikuwa na lami, hadi bomba lilipofunguliwa mwaka 1968.

Tangu 2023 linasafirisha dizeli badala ya mafuta ghafi.