Nyumba za Muda: Historia ya Kulea Watoto wa Mbwa Waliookolewa

Mtoto wa mbwa huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Kwa siku sita hivi za mwanzo hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, na kwa takriban wiki tatu hawezi kukojoa wala kunya mpaka mama amrambe chini ya tumbo. Akitupwa jalalani kabla ya umri huo, uhai wake umo mikononi mwa atakayemwokota. Huruma ya kumwokota ni ya zamani mno kuweza kupewa tarehe. Utaratibu wa kumweka kwa mlezi wa muda, kumtibu, kumlisha mpaka apate nguvu na kisha kumkabidhi kwa familia ya kudumu ni wa juzi, na kilichousukuma zaidi ni magonjwa.

Desturi iliyoutangulia ilihusu wawindaji matajiri. Katika Uingereza ya karne ya 18, wenye makundi makubwa ya mbwa wa kuwinda mbweha waliwapeleka watoto wa mbwa, wakishaachishwa ziwa, kwenye mashamba ya wapangaji wao. Huko walikula makombo na maziwa, wakazoea kuku, kondoo na watoto wa nyumbani, kisha wakarudishwa wamekua. Peter Beckford aliieleza desturi hiyo katika kitabu chake cha uwindaji kilichotoka mwaka 1781. Hapakuwa na suala la uokoaji hapo: mbwa alikuwa mali, na mwenye mali alikuwa ameona kwamba mtoto wa mbwa hastawi katika banda lenye makumi ya mbwa wakubwa. Maarifa hayo yalibaki kwa wawindaji. Waliokuja kuanzisha makao ya mbwa wa mitaani hawakuyachukua, na watoto wa mbwa wengi sana walikufa kabla hayajagunduliwa upya.

Makao maarufu kuliko yote yalianzishwa London mwaka 1860 na mwanamke aitwaye Mary Tealby. Inasimuliwa kwamba rafiki yake, Bi Sarah Major, alimwokota mbwa aliyekuwa akifa njaa, wakajaribu pamoja kumuuguza jikoni kwa Bi Major, lakini mbwa yule akafa. Tealby hakuishia hapo. Alipanga mabanda ya farasi katika eneo la Holloway na kufungua makao ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Gazeti la The Times lilimdhihaki, likiona ni upuuzi kuwajengea mbwa nyumba katika mji wenye maskini wengi kiasi kile. Mwaka 1862 jarida lililohaririwa na Charles Dickens lilichapisha makala ya kuyaunga mkono makao hayo, na michango ikaongezeka. Tealby alifariki mwaka 1865, kabla ya kuona kazi yake ikikubalika. Mwaka 1871 makao yalihamia Battersea, kusini mwa mto Thames, ambako yapo hadi leo.

Battersea ilimfaa mbwa mkubwa aliyepotea: alikamatwa, akawekwa siku kadhaa kumsubiri mwenyewe, na asipodaiwa aliuzwa au kuuawa. Mfano huo ulienea Ulaya na Marekani. Huko Philadelphia, wanawake wakiongozwa na Caroline Earle White walifungua makao yao katika miaka ya 1870, wakati New York mbwa waliokamatwa mitaani walikuwa wakizamishwa mtoni ndani ya kizimba cha chuma. Ikilinganishwa na kizimba kile, makao ya White yalikuwa hatua kubwa mno. Ila yalikuwa na kasoro ambayo nia njema haikuweza kuitibu. Mbwa mmoja mgonjwa aliyeingia asubuhi aliweza kuwaambukiza wote waliokuwamo, na wa kwanza kufa walikuwa wadogo. Mtoto wa mbwa wa wiki tano aliyefika akiwa na njaa na minyoo alikuta shibe, kisha akakuta ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe uliitwa distempa. Ulienea Ulaya katikati ya karne ya 18, na Edward Jenner, yule yule wa chanjo ya ndui, aliueleza kwa makini mwaka 1809: makamasi na matongo, kikohozi, kuhara, na mwishowe degedege. Mwaka 1905 Mfaransa Henri Carré alionyesha kwamba unasababishwa na kijidudu kidogo kiasi cha kupenya kwenye vichujio vya maabara, yaani kirusi. Wengi hawakumwamini. Jibu lilikuja baada ya mwaka 1923, jarida la wawindaji liitwalo The Field lilipochangisha fedha za utafiti. Patrick Laidlaw na George Dunkin, wakifanya kazi katika taasisi ya utafiti huko Mill Hill karibu na London, waligundua kwamba fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, huambukizwa distempa kwa urahisi, na kwa kumtumia wakapata chanjo kufikia mwaka 1928. Ni fereti hao hao waliowawezesha watafiti wa taasisi hiyo kukitenga kirusi cha mafua ya binadamu mwaka 1933. Chanjo bora zaidi, zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Chanjo haikumsaidia mtoto wa mbwa asiye na mama ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Huyo alihitaji maziwa na joto, na kwa muda mrefu watu walikosea yote mawili. Maziwa ya mbwa yana mafuta na protini takriban mara mbili ya maziwa ya ng'ombe, na sukari ya maziwa pungufu. Aliyenyweshwa ya ng'ombe matupu aliharisha na kukonda huku chupa ikimalizika kila mara. Katikati ya karne ya 20 kampuni za Marekani zilianza kuuza unga wa maziwa uliotengenezwa kwa kufuata yale ya mbwa, na kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kumlea mtoto wa mbwa wa siku tatu nyumbani bila kumtafutia mama wa kunyonya.

Joto lilikuwa somo gumu zaidi. Katika wiki ya kwanza mwili wa mtoto wa mbwa mwenye afya huwa na nyuzi 35 hadi 36 tu, na ukishuka chini ya hapo utumbo husimama. Maziwa yanayomiminwa katika tumbo lililopoa hayasagiki. Huchacha, au hurudi na kuingia mapafuni. Hivyo mlezi mwenye ujuzi hamkimbilii kwa chupa mtoto wa mbwa aliyeokotwa kwenye mvua. Humkausha, humfunga kwenye taulo pamoja na chupa ya maji moto, humpaka maji ya glukosi kwenye ufizi, na kumpasha joto polepole kwa saa moja au zaidi. Maziwa huja baadaye, naye akiwa amelala kifudifudi kama anyonyavyo kwa mama yake. Akilazwa chali hupaliwa. Kila baada ya kulishwa husuguliwa kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu mpaka akojoe. Hupimwa uzito kila siku kwenye mizani ya jikoni, na uzito usipopanda kwa siku nzima, kuna hatari. Haya hufanywa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na kwa sababu hiyo makao yenye mlinzi mmoja wa usiku hayakuyaweza kamwe.

Sababu nyingine ya kuwatoa wadogo bandani ilipatikana maabara. Huko Bar Harbor, katika jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuchunguza tabia za mbwa wanaokua. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1961, watoto wa mbwa walikulia ndani ya uwanja wenye ua mrefu bila kuzoeana na watu, kisha wakatolewa kwa awamu. Waliokutana na binadamu wakiwa na wiki chache walimzoea upesi. Wale ambao hawakumkaribia mpaka wiki ya 14 walibaki waoga kama wanyama wa porini, na kubembelezwa kwa baadaye hakukufuta woga huo. Kitabu cha Scott na Fuller cha mwaka 1965 kilikiweka kipindi cha kuzoea watu na mazingira kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi. Ni muda mfupi kwa namna ya kusikitisha, na mtoto wa mbwa aliyeumaliza ndani ya kizimba cha saruji alitoka akiwa mzima wa mwili lakini asiyefaa kuishi nyumbani.

Waliofunza mbwa wa kuongoza wasioona walikuwa wamelielewa jambo hilo mapema. Shirika la The Seeing Eye la New Jersey lilianza mwaka 1942 kuwapa watoto wa vijijini, wanachama wa vilabu vya vijana viitwavyo 4-H, mbwa wachanga wa kulea, na Uingereza ikaanza mpango kama huo mwaka 1956. Hao hawakuwa mbwa waliookolewa. Ila walithibitisha kwamba familia isiyo na utaalamu, ikielekezwa, humlea mbwa vizuri na kumrudisha muda ukifika, hata kama wanafamilia watalia siku ya kuagana.

Kisha ikaja pavo. Mwaka 1978 madaktari wa mifugo katika mabara kadhaa walianza kuwaona watoto wa mbwa wakitapika, wakiharisha damu na kufa ndani ya siku mbili au tatu. Kirusi kilikuwa kipya kwa mbwa, ndugu wa karibu wa kirusi cha zamani cha paka, na katika muda wa takriban miaka miwili kilikuwa kimezagaa duniani. Mwanzoni mbwa walichanjwa kwa chanjo ya paka kwa kukosa nyingine. Chanjo yao wenyewe ilifuata upesi, lakini kirusi hakikuondoka: hukaa udongoni kwa miezi, hata mwaka, na sabuni haikiui. Sakafu lazima ipigwe klorini.

Pavo ilifichua pengo ambalo chanjo haiwezi kuliziba lote. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya mama, humpa mtoto wa mbwa kingamwili ambazo humlinda kwa wiki kadhaa, lakini kingamwili hizo hizo huizuia chanjo kufanya kazi. Huisha wakati fulani kati ya wiki ya sita na ya 16, na hakuna ajuaye siku yenyewe kwa kumtazama mbwa. Ndiyo maana huchanjwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Katikati ya kipindi hicho kumweka penye mbwa wengi wasiojulikana ni kumhatarisha, na makao ya Marekani na Ulaya yakazidi kuwatoa wadogo kwenda kwenye nyumba za watu wa kujitolea: makao hutoa maziwa, dawa za minyoo na chanjo, mlezi hutoa chumba na usingizi wake. Akifikisha wiki nane hivi, mtoto wa mbwa huweza kwenda kwa familia mpya akiwa na kadi ya chanjo za kuendelezwa.

Kwa muda mrefu aliyeingia makaoni na pavo aliuawa siku hiyo hiyo ili kuwanusuru wengine. Hukumu hiyo ilianza kupinduliwa huko Austin, Texas, ambako shirika la Austin Pets Alive lilianza mwaka 2008 kuwatibu katika wadi ya pekee. Katika zaidi ya mbwa 5,000 waliotibiwa kwa miaka 11 na nusu iliyofuata, takriban 87 kati ya kila 100 walipona. Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nacho kilibuni utaratibu wa bei nafuu usiohitaji mgonjwa kulazwa kwa dripu ya mshipani: maji huingizwa chini ya ngozi, hutolewa sindano ya kuzuia kutapika na antibayotiki inayofanya kazi kwa muda mrefu, na mgonjwa hulishwa kidogo kidogo. Wanane kati ya kumi walipona kwa njia hiyo, na ugonjwa uliokuwa hukumu ya kifo ukaweza kuuguzwa nyumbani, mradi pasiwe na mbwa mwingine asiyechanjwa.

Afrika Mashariki makao ya kwanza ni ya enzi za ukoloni. Chama cha Kenya cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, chimbuko lake ni mwaka 1910. Miaka miwili baadaye kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa mara ya kwanza nchini humo, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi, na tangu hapo mbwa koko ametazamwa kwanza kama hatari. Katika nyumba za Waislamu wa pwani wafuatao madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo hadithi ya mtu aliyeteka maji kisimani kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na wengi, na mtoto wa mbwa anaweza kulelewa vizuri uani akiwa na banda na bakuli lake mwenyewe.

Distempa nayo ilijitokeza upande huu kwa njia isiyotarajiwa. Mwaka 1994 iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vilivyo kando ya hifadhi walihusishwa na chanzo chake. Kampeni zilizofuata ziliwachanja mbwa wa vijiji hivyo dhidi ya kichaa, distempa na pavo kwa pamoja. Kwingineko, chanjo inayotolewa bure mara nyingi ni ya kichaa peke yake, na mlezi hununua zilizobaki kwa daktari wa mifugo. Mlezi anayepokea mtoto wa mbwa asiyejulikana alikotoka humtenga na mbwa wengine kwa wiki mbili au zaidi, naye akiumwa au kukwaruzwa huosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa anaonekana mzima.