Hesabu za kwanta na siri ya mchanga wa Kwale

MADINI ya titani yaliyochimbwa Maumba na Nguluni, karibu na Msambweni katika Kaunti ya Kwale, yalianza kusafirishwa ng'ambo kupitia Likoni mnamo Februari 2014. Uchimbaji huo ulifikia kikomo Desemba 2024.

Miongoni mwayo ni rutaili, yaani oksidi ya titani, ambayo ikisafishwa na kusagwa huwa unga mweupe wa kutengenezea rangi za kupaka nyumba. Sababu ya weupe huo imo katika fizikia ya kwanta, na kuifikia ni kazi ya hesabu.

Mwaka 1926 Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoeleza mwenendo wa elektroni. Mwaka huohuo Wolfgang Pauli alizipata nishati za atomu ya haidrojeni, yenye elektroni moja, kwa njia ya aljebra pekee. Njia hiyo hutoa jibu kamili, ila hufaa mifumo michache.

Rutaili haimo katika mifumo hiyo. Kipande kidogo kabisa kinachojirudia ndani ya fuwele yake kina atomu 2 za titani na 4 za oksijeni, jumla ya elektroni 76. Mahali pa kila elektroni huelezwa kwa namba 3, hivyo zahitajika namba 228 kwa pamoja. Anayetaka kujaribu thamani 10 tu kwa kila namba atapata hali ambazo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 228. Hakuna kompyuta iwezayo kuzihifadhi.

Mwaka 1964 Pierre Hohenberg na Walter Kohn walithibitisha kwamba yatosha kuujua msongamano wa elektroni, ambao huhitaji namba 3 tu. Mwaka uliofuata Kohn na Lu Jeu Sham walitoa milinganyo ya kuutafuta. Kompyuta hukisia msongamano, huitatua milinganyo, hupata msongamano mpya, kisha hurudia hadi matokeo yasibadilike tena. Kohn alitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 1998.

Hata hivyo, makadirio hayo yana kasoro. Maabara huonyesha kwamba elektroni ya rutaili huhitaji takriban elektroni-volti 3 ili kuruka ngazi. Mwanga uonekanao, kuanzia mwekundu hadi zambarau, una kati ya 1.6 na 3.1, kwa hiyo karibu wote haufyonzwi bali hutawanywa, na unga huonekana mweupe. Makadirio ya kawaida hutoa chini ya 2. Kama hilo lingekuwa kweli, sehemu kubwa ya mwanga ingemezwa na weupe ungetoweka. Mbinu zinazosahihisha kosa hilo zipo, ila hudai kompyuta zenye nguvu zaidi.

Elimu hii imefika Kenya. Mwaka 2012 mjini Eldoret yalifanyika mafunzo ya ASESMA, shule ya Afrika ya mbinu hizo.

Huko Kwale, Mlima Mrima una niobi na madini adimu, ambayo elektroni zake huzitatiza mbinu hizi kuliko zile za titani. Mwenye kuziweza hesabu hizo ataijua thamani ya jiwe kabla ya kuliuza likiwa ghafi.