Mwanafunzi Aliyefundisha Vidole Kusoma

Ndugu msomaji, mtazame mtoto wa chuoni anayeanza alifu. Jambo linalomtatiza mapema ni nukta. Moja ikikaa chini ni be, mbili zikikaa juu ni te, zikiwa tatu ni the. Basi zisikilize habari za mwanafunzi mmoja wa Ufaransa ambaye nukta alizijua kwa vidole, kwani macho hakuwa nayo.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, si mbali na Paris. Babake alikuwa fundi wa ngozi, akitengeneza matandiko ya farasi. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 3 alichezea vyombo vya kazi, akajichoma jicho kwa msharasi. Maradhi yakahamia jicho la pili, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Mwaka 1819 akapelekwa Paris, katika shule ya vipofu iliyoasisiwa na Valentin Haüy.

Vitabu vya shule ile viliandikwa kwa herufi za kawaida, zikakandamizwa katika karatasi hata zikasimama kama nundu. Mwenye macho angevisifu, na hapo ndipo ilipokuwa kasoro, kwani vilitungwa na wenye macho. Kidole kilizunguka herufi moja moja kwa taabu. La kuudhi zaidi, mwanafunzi hakuweza kwa njia ile kunukuu somo lake wala kumwandikia mamake barua.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyewahi kuwa askari wa mizinga, aliiletea shule mwandiko wa nukta. Lakini ulifuata sauti tu, usijali tahajia wala vituo, na alama moja iliweza kufika nukta 12, ikazidi ncha ya kidole. Wengine wangalishukuru wakanyamaza. Louis aliupokea, kisha akaanza kuupunguza. Mwaka 1824, naye ana umri wa miaka 15, alikuwa ameufikisha kwenye nukta 6, safu mbili za tatu tatu. Kwa kuzipanga nukta hizo hupatikana alama 63, nazo zatosha herufi, vituo, tarakimu na hata muziki. Na chombo cha kutobolea karatasi ni jamaa wa msharasi ule ule uliompofua!

Usidhani, msomaji, kuwa wazo hili halikuwa na mfano. Al-Safadi, mwandishi wa karne ya 14, amesimulia habari za Zainuddin al-Amidi, mwanachuoni kipofu wa Baghdad aliyekuwa na vitabu vingi. Alisokota karatasi nyembamba, akaikunja kwa sura ya herufi na kuigandisha katika jalada, ili akiipapasa ajue bei ya kitabu. Naye aliitatua shida yake mwenyewe, ila hila yake haikuenea.

Ya Louis nayo ilikaribia kuzimwa. Aliitoa katika kitabu mwaka 1829, na kwa muda mkuu wa shule alimuunga mkono. Mwaka 1840 akaja mkuu mwingine, Dufau, akaupinga mwandiko ule. Wanafunzi hawakuuacha, wakaandikiana kwa siri. Nadhani siri hiyo ndiyo shahada kubwa kuliko zote, kwani mtoto hajitii hatarini kwa chombo kisichomfaa. Mwaka 1844 ukakubaliwa tena shuleni. Louis alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1852, na serikali ya Ufaransa ikaupitisha rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kuzikwa.

Leo Kiswahili chauita nukta nundu, na hata Qurani Tukufu yasomwa hivyo, katika majalada kadhaa makubwa, kila fataha na kasra ikiwa na alama yake. Ila Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia! Ama anayeandika kwa mkono, kwa kibao na kitobolea, huanza kulia, kama mtoto wa chuoni aandikavyo, kwani hutoboa nyuma ya karatasi. Kisha huigeuza, akapitisha kidole kuanzia kushoto.